Kabla ya Kumtafuta Mwizi wa Maji

Mwaka 2009 mama yangu alifukuzwa kazi kwa sababu ya maji. Tulikuwa tunaishi Uvira, na yeye alikuwa anafanya kazi za ndani kwenye nyumba moja kubwa yenye robine jikoni, robine uani, bafu na choo cha kuvuta maji. Mimi nilikuwa na miaka 11. Faktire ya maji ya nyumba ile ilipanda mwezi mmoja, ikapanda tena mwezi uliofuata, na mwezi wa tatu patro akamwita mama na kumuuliza anawauzia akina nani maji. Mama akaapa kwamba hajawahi kutoa hata bidoni moja nje ya lango. Patro akamjibu, "Maji hayana miguu, mama. Kuna mtu anayabeba." Jioni ile mama alirudi nyumbani bila kazi na bila mshahara wa mwezi.

Miezi kadhaa baadaye tukasikia kwa jirani kwamba ukuta wa bafu la nyumba ile umeanza kubomoka kutoka chini. Fundi alipovunja sakafu akakuta bomba la chuma limeliwa na kutu, na udongo wote chini yake umekuwa matope matupu. Maji yalikuwa yanaingia ardhini kila yalipofunguliwa, mchana na usiku, na mita inahesabu tu. Kumbe maji yana miguu. Lakini hakuna mtu aliyekuja kumwambia mama pole.

Leo nina miaka 26 na nafanya kazi na vijana kwenye kambi yetu hapa mkoani Kigoma. Kila mara maji yanapopungua kwenye kituo chetu cha bomba nasikia neno lilelile la patro: kuna mtu anaiba. Ndiyo maana nikaanza kujiuliza, watu wa zamani walikuwa wanajuaje kama maji yameibwa au yamevuja? Mtu anapataje tundu ambalo hawezi kuliona, liko chini ya sakafu au ndani ya ukuta? Nimesoma nilichoweza kupata, na nimekaa na mzee mmoja wa kwetu ambaye alikuwa fundi bomba miaka mingi huko Kongo. Haya ndiyo niliyoyapata.

Roma: kitabu kinasema moja, chanzo kinasema lingine

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 97, Kaizari Nerva wa Roma alimpa mzee mmoja mwenye heshima kazi ya kusimamia maji ya mji. Jina lake Sextus Julius Frontinus. Huyu hakuwa mtu mdogo, alishakuwa gavana wa Britania na kuongoza majeshi. Angeweza kukaa ofisini na kuwaachia makarani. Lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba ni aibu kwa mkubwa kuendesha kazi kwa kuelekezwa tu na wasaidizi wake. Kwa hiyo akaanza kujifunza maji kama mwanafunzi.

Wakati ule Roma ilipata maji kwa mifereji 9 mikubwa. Watu wengi wakiona picha za Roma wanaona yale matao marefu ya mawe, lakini sehemu kubwa ya mifereji ile ilipita chini ya ardhi, haionekani. Ndani ya mji maji yaligawanywa kwa mabomba ya madini ya risasi mpaka kwenye visima vya wazi vya barabarani, mabafu na nyumba za matajiri.

Frontinus akafungua vitabu vya serikali. Kipimo chao kiliitwa quinaria, kilitokana na ukubwa wa bomba. Vitabu vilisema mji unapokea quinaria 12,755. Lakini alipojumlisha maji yaliyoandikwa kwamba yamegawiwa, akapata 14,018. Yaani yaliyotoka yalikuwa mengi kuliko yaliyoingia! Ni kama mtu akuambie amepokea mifuko 12 ya unga kwenye mgao, halafu ameigawa 14. Basi akaenda mwenyewe kwenye vyanzo na kupima. Huko akakuta maji yanayoingia kwenye mifereji ni zaidi ya yale ya vitabuni kwa quinaria kama 10,000. Maji mengi hivyo yalikuwa yanapotea katikati, na hakuna kitabu kilichojua.

Lazima niseme, kipimo chao kilikuwa na kasoro. Waliangalia upana wa bomba bila kuhesabu vizuri kasi ya maji. Kwa hiyo hatuwezi kuzichukua namba zile kama lita za leo. Lakini wazo lake ni lilelile linalotumika mpaka sasa: pima mwanzoni, pima mwishoni, halafu tafuta katikati.

Alipotafuta katikati akakuta mambo mawili. Kuna mahali mifereji ilikuwa inavuja kwa uzee, na kwa mizizi ya miti iliyopasua kuta. Na kuna mahali maji yaliibwa kweli. Wakulima walitoboa mifereji wapate kumwagilia mashamba, na mjini kulikuwa na mabomba ya siri chini ya barabara. Lakini angalia ni nani aliyetoboa mabomba ya mjini. Hakuwa mtumishi wa jikoni. Walikuwa mafundi wa maji wenyewe, waliokuwa wanauza maji ya mji kwa siri. Frontinus aliyafukua mabomba yale ya wizi, na risasi iliyotoka ilikuwa nyingi.

Ili kutunza mifereji ile Roma ilikuwa na watumwa 700, 240 wa umma na 460 wa kaizari. Hao ndio waliokuwa wanazunguka, wanaangalia, wanaziba. Hatujui majina yao.

Liverpool: kufunga nyumba moja moja usiku

Sasa turuke miaka mingi mpaka Uingereza ya karne ya 19, kwenye mji wa bandari wa Liverpool. Miaka ya 1870 mji ulikuwa na watu karibu nusu milioni, wengi masikini waliobanana kwenye nyumba ndogo. Maji hayakutosha. Yalikuwa yanafunguliwa kwa saa chache tu kwa siku, halafu yanafungwa. Sisi tunaoishi kwa ratiba ya bomba tunaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Maji ya kufungwa na kufunguliwa yana hatari nyingine ambayo wengi hatuioni. Bomba likiwa limejaa, tundu linatoa maji nje. Bomba likiwa tupu, tundu lilelile linavuta uchafu wa udongoni kuingia ndani. Asubuhi wakifungua, uchafu ule unakuja kwenye kikombe chako. Kwetu Uvira, mahali ambapo kipindupindu hakiishi kurudi, hili si neno la kitabuni.

Kwenye miji ya namna hiyo lawama huwa zinaenda kwa wananchi: wanapoteza maji, wanaacha robine wazi. Mhandisi wa mji wa Liverpool, George Frederick Deacon, hakubishana na mtu. Mwaka 1873 alitengeneza mita ya aina mpya. Ndani yake kulikuwa na bomba la shaba jembamba upande mmoja na pana upande mwingine, na katikati kisahani kilichoning'inia kwa waya. Maji yakipita mengi kisahani kinasukumwa chini, yakipungua kinapanda. Waya ule ulishika kalamu, na kalamu ilichora mstari kwenye karatasi iliyozungushwa na saa. Kwa hiyo karatasi ilionyesha kila dakika mtaa fulani unakunywa maji kiasi gani.

Sikiliza hapa, maana hapa ndipo moyo wa jambo lote ulipo. Deacon aliangalia karatasi ya usiku. Saa nane usiku watu wamelala. Hakuna anayepika, hakuna anayefua. Kama mtaa unapitisha maji mengi saa nane usiku, hayo maji hayaendi kwa mtu. Yanaenda kwenye matundu.

Halafu wakaguzi walitoka usiku uleule. Kila nyumba ilikuwa na koki yake nje, barabarani. Mkaguzi anafunga koki ya nyumba ya kwanza, anaandika saa na dakika. Anafunga ya pili, anaandika. Anafunga ya tatu, anaandika. Kesho yake ofisini wanalinganisha daftari lake na karatasi ya mita. Kama saa nane na dakika 10 mstari ulishuka ghafla, wanaangalia daftari: saa nane na dakika 10 ilifungwa nyumba gani? Hiyo ndiyo yenye tundu. Wanaenda na fundi, wanatafuta nyumba ile tu, na zile nyingine zote hakuna anayezisumbua. Hawakuhitaji kuvunja mlango wa mtu wala kumwita mtu mwizi.

Kazi hiyo ilisaidia kuirudisha Liverpool kwenye maji ya saa zote. Mji ulipata maji mengi ambayo tayari ulikuwa nayo.

Ila haikutosha milele, kwa sababu mji uliendelea kukua. Miaka ya 1880 Liverpool ilijenga bwawa kubwa la Vyrnwy huko Wales, na Deacon huyohuyo alikuwa mhandisi wake. Chini ya bwawa lile kilizama kijiji cha Llanwddyn, na watu wake walihamishiwa kijiji kipya. Mimi niliposoma hapo nilisimama kidogo. Mji unapokosa maji huenda kuyatafuta kwenye ardhi ya watu wengine. Kwa hiyo kila tundu linalozibwa mjini linachelewesha kidogo siku ambayo mtu wa bondeni ataambiwa afunge mizigo. Sisi tunajua kufunga mizigo.

Sikio

Karatasi ya Deacon ilionyesha nyumba, lakini haikuonyesha ni wapi hasa ndani ya nyumba. Hapo walitumia sikio. Mkaguzi alichukua ufunguo mrefu wa chuma wa kufungulia koki, akauweka kwenye koki na sikio lake juu ya ule ufunguo. Maji yanayopenya kwenye tundu dogo kwa nguvu yanatetemesha bomba, na bomba linabeba sauti ile.

Ni ujanja uleule wa daktari. Mwaka 1816 huko Paris, daktari René Laennec alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaiweka kifuani kwa mgonjwa na kusikia moyo wazi kuliko alivyowahi kuusikia kwa sikio tupu. Baadaye akaitengeneza kwa mti. Kikaja kile kifaa ambacho leo kila muuguzi wa zahanati yetu anakivaa shingoni.

Mzee fundi wa hapa kambini alicheka nilipomweleza habari hizi. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimefanya hivyo miaka yote na sijui huyo Mwingereza." Yeye alikuwa anatumia kipande cha nondo, au bisibisi ndefu ikikosekana nondo. Ncha kwenye bomba, mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Alinifundisha mambo matatu ambayo nayaandika kama alivyoyasema.

La kwanza, tundu dogo lenye presha kubwa linapiga kelele, mlio wa "ssss" kama nyoka. Bomba lililopasuka kabisa linaweza kunyamaza, kwa sababu presha imekufa. Kwa hiyo usifikiri tundu kubwa ndilo linasikika zaidi.

La pili, chuma kinaongea, plastiki inanong'ona. Kwenye bomba la chuma utasikia tundu likiwa mbali. Kwenye plastiki lazima uwe karibu sana.

La tatu, nenda usiku. Mchana dunia ina kelele, na watu wanatumia maji, utasikia robine ya jirani uite tundu.

Leo kuna mashine za kazi hii. Tangu miaka ya 1970 wahandisi walianza kutumia masikio mawili ya umeme, moja kila upande wa bomba. Sauti ya tundu inafika kwenye sikio moja kabla ya lingine. Mashine inapima tofauti ile ndogo ya muda, na kwa kujua sauti inakimbia kasi gani kwenye bomba la aina ile, inahesabu tundu liko mita ngapi kutoka hapa. Nilipomwambia mzee, akasema, "Basi wamenunua mzee wa pili."

Phnom Penh: mji uliorudi kutoka vitani

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Kambodia. Aprili 1975 wapiganaji wa Khmer Rouge waliingia mji mkuu wa Phnom Penh na kuwafukuza watu wote mjini, wagonjwa wa hospitali na watoto wachanga pamoja. Mji ulikaa karibu mtupu mpaka Januari 1979. Watu waliporudi walikuta mabomba ya zamani, mafundi wengi wamekufa, na hakuna ramani ya uhakika.

Mwaka 1993, kati ya kila lita 100 zilizotoka kwenye mtambo, lita 72 hazikulipiwa na yeyote. Nyingine zilivuja ardhini, nyingine ziliunganishwa kwa siri, nyingine zilipotelea kwenye daftari. Maji yalitoka saa 10 hivi kwa siku, na familia nyingi za mjini hazikuwa na bomba kabisa. Hao masikini ndio walionunua maji ya ndoo kwa bei ya juu.

Mwaka ule mhandisi Ek Sonn Chan, aliyepoteza ndugu zake wakati wa Khmer Rouge, akawa mkuu wa mamlaka ya maji. Alifanya kama Frontinus. Alituma watu nyumba kwa nyumba kuandika nani ana bomba na nani hana. Akaweka mita kwa kila mteja. Akabadilisha mabomba yaliyooza. Akagawa mji katika maeneo, kila eneo na kipimo chake, ili likivuja lijulikane haraka. Akaunda kikosi cha mafundi cha kuitwa saa yoyote, mchana na usiku. Na wafanyakazi wake mwenyewe waliokuwa wanauza maunganisho ya siri hakuwafumbia macho.

Wakubwa nao hawakupenda. Inasimuliwa sana habari ya jenerali mmoja ambaye hakutaka kulipia maji kama raia wengine, akamwelekezea Ek Sonn Chan bastola. Yeye akaondoka, akarudi na askari, akakata maji ya jenerali. Jenerali akalipa.

Ndani ya miaka kama 15 upotevu ule wa asilimia 72 ulishuka chini ya asilimia 10, na maji yakatoka saa 24. Mwaka 2006 Ek Sonn Chan alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay. Mimi nachukua jambo moja hapo: mji wa watu waliotoka vitani, bila mafundi wa kutosha, uliweza. Watu wengi huwa wanatuambia kwamba sisi wa vita tunajua kubomoa tu.

Bustani ya lengalenga

Sasa nirudi kambini. Mwaka jana wakati wa kiangazi, maji ya kituo chetu yalipungua mpaka yakawa kama uzi. Foleni ya ndoo ilianza saa kumi alfajiri. Vijana wa upande wetu wakasema vijana wa upande wa juu wanafungulia maji usiku na kumwagilia bustani. Wa juu wakasema sisi tunaharibu koki. Siku moja walishikana mashati mbele ya akina mama, na mimi ndiye niliyeitwa kuwatenganisha.

Mzee fundi alikuwa amekaa pale na bidoni zake mbili. Akaniambia taratibu, "Hawa watapigana bure. Mtu anayeiba maji hayaibi sawasawa kila siku. Haya yanapungua sawasawa kila siku. Hilo ni tundu."

Tukaongea na kamati za maji za pande zote mbili, na mhudumu wa tangi akakubali. Usiku mmoja tulifunga koki za vituo vyote vinavyokula kwenye tangi lile. Kila kituo walikaa vijana wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, ili asiwepo wa kusema amedanganywa. Kwenye tangi tukaandika alama ya maji kwa chaki saa sita usiku. Saa kumi alfajiri tukaangalia tena. Maji yalikuwa yameshuka zaidi ya upana wa kiganja, na hakuna mtu aliyeteka hata kikombe.

Asubuhi tukatembea juu ya njia ya bomba, mzee mbele na nondo yake. Mabomba yetu ni ya plastiki, hakusikia kitu. Lakini kuna bibi mmoja mwenye bustani ya lengalenga karibu na njia ya magari. Kiangazi kile bustani za wote zimekauka, ya kwake ilikuwa kijani kama mwezi wa nne. Watu walishaanza kusema na yeye ni mwizi, wengine wakasema mambo mabaya zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa anamshukuru Mungu tu. Mzee akachomeka nondo kwenye udongo, ikaingia kama kwenye ugali. Pale chini, kiungio cha bomba kilikuwa kimelegea, nadhani kwa uzito wa malori yanayopita.

Tulipeleka taarifa kwa wahusika, na baada ya siku kadhaa wakaja kurekebisha. Uzi ukawa maji tena. Yule bibi alilalamika kidogo kuhusu lengalenga zake, tukacheka naye. Wale vijana wawili walioshikana mashati walikaa pamoja usiku ule kwenye kituo kimoja, na mpaka leo wanasalimiana.

Nyumbani kwako

Najua wengi wetu hatuna mita, lakini tuna ndugu mijini, na siku moja tutakuwa na nyumba. Wafanyakazi wa mashirika nao wanapanga nyumba zenye bili. Kwa hiyo naandika hapa kipimo cha Deacon kwa mtu wa kawaida.

Usiku kabla ya kulala funga robine zote, na hakuna kuvuta choo. Andika namba za mita, mpaka zile ndogo za mwisho. Asubuhi kabla mtu hajagusa maji, soma tena. Kama namba zimesogea, kuna tundu.

Halafu funga koki kuu ya kuingia ndani ya nyumba, usome mita tena baada ya saa moja. Ikisimama, tundu liko ndani ya nyumba. Ikiendelea kusogea, tundu liko kwenye bomba kati ya mita na nyumba.

Choo cha kuvuta ndicho kinachodanganya wengi, kwa sababu maji yake yanateleza kimya. Tia kahawa au rangi ya chakula kwenye tangi la choo, ngoja nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana chini kwenye bakuli, mpira wa ndani umechoka.

Kama huna mita lakini una tangi, tumia chaki kama sisi. Na tembea ukiangalia: rangi ya ukuta inayovimba, ukungu pembeni chini, sakafu inayobonyea, majani mabichi wakati wa kiangazi. Sikiliza usiku kwa bisibisi.

Usidharau tone. Robine inayodondosha tone moja kila sekunde, tone likiwa robo ya mililita, inapoteza lita 21 hivi kwa siku. Kambini kiwango kinacholengwa na UNHCR ni angalau lita 20 kwa mtu kwa siku. Maana yake tone lile ni mtu mzima mmoja amesimama kwenye foleni na ndoo tupu.

Kwa ndugu zetu wa mashirika wanaosoma hapa, ninalo ombi moja. Ripoti inaposema kila mtu anapata lita kadhaa, mara nyingi imegawa maji yaliyotoka kwenye pampu kwa idadi ya watu. Hicho ni kitabu cha Roma. Tafadhali pimeni pia kwenye bomba la mwisho, na pimeni usiku, na mtuite sisi vijana tukae kwenye koki. Tutakuja.

Nilipomaliza kuandika haya nilimsomea mama. Alisikiliza yote, Roma na Liverpool, akiwa anachambua mchele. Nilipofika kwenye kusoma mita jioni na asubuhi, akainua kichwa.

"Usiku mmoja tu?"

"Ndiyo, mama. Usiku mmoja."

"Wangesoma jioni, mimi nikaenda zangu nyumbani, wakasoma asubuhi kabla sijafika."

"Ndiyo."

Akachambua kidogo, akatupa jiwe. "Na mshahara wangu wa mwezi ule?"

Sikuwa na jibu. Nimeandika hapa swali lake kama lilivyo.